Nyuzinano za kaboni zenye nitrojeni

Nyuzinano za kaboni zenye nitrojeni ni nyuzi nyembamba sana za kaboni zilizo na vitundu vingi, ambamo baadhi ya atomu za kaboni zimebadilishwa na atomu za nitrojeni. Unene wa uzi mmoja kwa kawaida ni kati ya nanomita 100 na 500, yaani uzi huo ni mwembamba mara mia kadhaa kuliko unywele wa binadamu. Nyuzi hizo zikiwa nyingi hushikana na kufanya kitambaa cheusi, chepesi, kinachopitisha umeme na kufyonza vimiminika.

Kitambaa hicho huchunguzwa hasa kama elektrodi, yaani sehemu ya betri au ya superkapasita ambamo chaji ya umeme huhifadhiwa na kutolewa. Vitundu huongeza eneo la uso ambapo ioni zinaweza kukaa, umbo la uzi huwapa elektroni njia ndefu isiyokatika, na nitrojeni hubadilisha tabia ya umeme na ya kikemia ya kaboni yenyewe.

Tangu mwanzo wa karne ya 21 nyuzi hizi zimefanyiwa utafiti katika maabara za nchi nyingi, hasa China, Korea Kusini, Japani na Marekani. Matokeo mengi ya maabara ni mazuri. Hata hivyo betri nyingi zinazouzwa madukani bado hutumia grafiti, na superkapasita nyingi hutumia unga wa kaboni amilifu. Sababu zake zinaelezwa katika sehemu ya mwisho ya makala hii.

Jina

Neno "nyuzinano" linatokana na "nyuzi" na "nano", kiambishi cha vipimo chenye maana ya sehemu moja ya bilioni. Nanomita moja ni sehemu moja ya bilioni ya mita.

Nyuzinano za kaboni si sawa na neli nano za kaboni. Neli nano ni mrija ulioundwa kwa karatasi ya atomu iliyojikunja, na upana wake mara nyingi ni nanomita chache au makumi machache tu. Uzinano hauna uwazi katikati kama mrija, ni mnene zaidi, na mpangilio wa atomu zake una kasoro nyingi. Nyuzinano pia hutofautiana na nyuzi za kaboni za kawaida zinazotumika kutengeneza ndege, baiskeli na fito za kuvulia samaki. Hizo zina unene wa maikromita 5 hadi 10 na hutengenezwa kwa ajili ya nguvu, si kwa ajili ya vitundu.

Historia

Nyuzi za kaboni zilitumika kwanza katika taa za umeme. Joseph Swan wa Uingereza na Thomas Edison wa Marekani walitengeneza nyuzi za taa kwa kuchoma malighafi ya mimea bila hewa. Mwaka 1879 Edison alitumia uzi wa pamba uliogeuzwa kuwa kaboni. Nyuzi hizo ziliachwa baadaye, metali ya wolframi ilipochukua nafasi yake.

Mwaka 1958 Roger Bacon, mtafiti wa kampuni ya Union Carbide katika jimbo la Ohio, alitengeneza nyuzi za kaboni zenye nguvu kubwa. Muda mfupi baadaye Akio Shindo wa Japani alionyesha kwamba nyuzi nzuri zinaweza kupatikana kutokana na polima iitwayo poliakrilonitrili. Polima hiyo ndiyo inayotawala viwanda vya nyuzi za kaboni hadi leo.

Mbinu ya kusokota nyuzi kwa umeme ina historia yake tofauti. John Cooley na William Morton walipata hataza zao nchini Marekani mwaka 1902. Anton Formhals alipata hataza ya mtambo wa kutengeneza nyuzi kwa njia hiyo mwaka 1934. Mwaka 1964 mwanafizikia Mwingereza Geoffrey Taylor alieleza kihisabati jinsi tone la kimiminika linavyochongoka na kuwa na umbo la pia likiwa ndani ya uga wa umeme wenye nguvu. Umbo hilo sasa huitwa pia ya Taylor. Mbinu ilibaki bila kujulikana sana mpaka miaka ya 1990, ilipofufuliwa na Darrell Reneker na wenzake katika Chuo Kikuu cha Akron, Ohio.

Mwaka 2003 Chan Kim na Kap Seung Yang wa Korea Kusini waliripoti elektrodi ya superkapasita iliyotengenezwa kwa kitambaa cha nyuzinano zilizosokotwa kwa umeme, kisha kugeuzwa kuwa kaboni na kutobolewa vitundu kwa mvuke. Mwaka 2012 tafiti mbili kutoka China zilivuta macho ya wengi. Katika mji wa Hefei, kundi la Shu-Hong Yu lilipaka polima ya polipiroli juu ya nyuzi za kaboni na kuzichoma, likapata elektrodi ya superkapasita yenye faradi 202 kwa gramu. Katika mji wa Wuhan, Long Qie na wenzake walichoma nyuzinano za polipiroli pamoja na hidroksidi ya potasiamu, na kupata anodi ya betri ya lithiamu iliyohifadhi mAh 943 kwa gramu baada ya mizunguko 600. Tangu hapo makala za utafiti juu ya nyuzi hizi zimekuwa nyingi.

Muundo

Mpangilio wa kaboni

Ndani ya uzi, atomu nyingi za kaboni zimeungana katika maumbo ya pembe sita, kama masega ya nyuki, na kufanya vipande vidogo vya karatasi nyembamba. Katika grafiti halisi karatasi hizo ni pana na zimepangwa moja juu ya nyingine kwa utaratibu. Katika nyuzinano zilizochomwa kwa joto la chini ya sentigredi 1500 vipande ni vidogo, vimejikunja na kukaa ovyo. Kaboni ya aina hii hupitisha umeme kwa kiasi cha kutosha, lakini chini ya grafiti.

Vitundu

Wanakemia hugawa vitundu katika makundi matatu kufuatana na upana:

- vitundu vidogo, chini ya nanomita 2;
- vitundu vya kati, nanomita 2 hadi 50;
- vitundu vikubwa, zaidi ya nanomita 50.

Kila kundi lina kazi yake. Vitundu vidogo ndivyo vinavyotoa sehemu kubwa ya eneo la uso, na humo ndimo ioni nyingi hukaa. Vitundu vya kati ni vichochoro vya kuingilia. Vitundu vikubwa, pamoja na nafasi zilizo kati ya uzi na uzi, ni kama barabara kuu na bohari ya elektroliti. Elektrodi yenye vitundu vidogo peke yake huwa na uwezo mkubwa ikichajiwa polepole, lakini uwezo huo hushuka inapochajiwa haraka, kwa sababu ioni husongamana mlangoni.

Gramu moja ya nyuzi zilizotobolewa vizuri inaweza kuwa na eneo la uso la mita za mraba 1000 au zaidi.

Aina za nitrojeni

Atomu ya nitrojeni inakaribiana kwa ukubwa na atomu ya kaboni, hivyo inaweza kuingia katika nafasi yake bila kuvunja muundo mzima. Tofauti ni kwamba kaboni ina elektroni 4 katika mzingo wa nje, na nitrojeni ina 5. Tabia inayopatikana hutegemea mahali ambapo nitrojeni imekaa:

- Nitrojeni ya piridini hukaa pembeni mwa karatasi au kando ya tundu, katika umbo la pembe sita, ikiwa imeungana na kaboni mbili. Ina jozi ya elektroni isiyotumika katika muungano, kwa hiyo huvuta ioni zenye chaji chanya kama lithiamu.
- Nitrojeni ya piroli nayo hukaa pembeni, lakini katika umbo la pembe tano.
- Nitrojeni ya grafiti huchukua nafasi ya kaboni ndani ya karatasi na kuungana na kaboni tatu. Elektroni yake ya ziada huingia katika mtandao wa elektroni na kusaidia upitishaji umeme.
- Nitrojeni iliyooksidishwa ni ile ya piridini iliyoshikana na oksijeni. Kwa kawaida ni kidogo.

Nitrojeni ya piroli hugeuka au kutoweka kadiri joto linavyoongezeka, na ile ya grafiti hustahimili zaidi. Kwa sababu hiyo joto la tanuri huamua si kiasi cha nitrojeni tu bali pia aina yake.

Utengenezaji

Kuna njia kadhaa za kutengeneza nyuzi hizi. Inayotumika zaidi katika maabara ni kusokota kwa umeme kwa kutumia poliakrilonitrili, na ina hatua nne.

1. Kusokota

Poliakrilonitrili ni polima ileile ambayo ni sehemu kuu ya nyuzi za akriliki zinazofumiwa sweta na mablanketi. Faida yake hapa ni kwamba nitrojeni imo tayari ndani ya molekuli: takribani asilimia 26 ya uzani wake ni nitrojeni. Kwa hiyo si lazima kuongeza nitrojeni kutoka nje.

Polima huyeyushwa katika kiyeyushi kiitwacho dimethilifomamidi mpaka iwe nzito kama asali nyepesi. Kimiminika hicho hutiwa katika bomba la sindano na kusukumwa polepole. Kati ya ncha ya sindano na bamba la metali lililo umbali wa sentimita 10 hadi 20 huwekwa umeme wa kilovolti 10 hadi 30. Nguvu ya umeme hulivuta tone lililo nchani mpaka lifanye pia ya Taylor, na kutoka kwenye kilele chake hufyatuka uzi. Uzi huo hujipindapinda hewani kama mjeledi, hurefuka na kuwa mwembamba huku kiyeyushi kikikauka, kisha hutua juu ya bamba ukiwa mkavu. Baada ya saa kadhaa kunapatikana kitambaa cheupe.

Unyevu wa hewa, uzito wa kimiminika, umbali na volti vyote huathiri unene wa uzi. Kimiminika kikiwa chepesi mno hutoa matone badala ya nyuzi. Kikiwa kizito mno huziba sindano.

2. Kuimarisha

Kitambaa hupashwa joto hewani, kwa kawaida kati ya sentigredi 200 na 300, kwa saa moja au zaidi. Minyororo ya polima hufunga pete na kushikana kama vipago vya ngazi, na rangi hubadilika kutoka nyeupe kuwa njano, kahawia na mwisho nyeusi. Hatua hii hairukwi: kitambaa kisichoimarishwa huyeyuka na kugandamana kinapofika kwenye joto kali. Joto hupandishwa polepole kwa sababu mmenyuko wenyewe unatoa joto, na ukiharakishwa nyuzi huharibika.

3. Kugeuza kuwa kaboni

Kitambaa huwekwa katika tanuri lisilo na oksijeni, ambamo hupitishwa gesi ya nitrojeni au argoni, na kupashwa hadi sentigredi 600 mpaka 1000 au zaidi. Hidrojeni, oksijeni na sehemu ya nitrojeni huondoka kama gesi. Takribani nusu ya uzani wa mwanzo hubaki.

Katika hatua hii mtengenezaji analazimika kuchagua. Kadiri joto linavyopanda ndivyo kaboni inavyopitisha umeme vizuri zaidi, lakini ndivyo nitrojeni inavyopungua. Kaboni iliyochomwa kwa sentigredi 600 ina nitrojeni nyingi na upitishaji hafifu. Ile ya sentigredi 1000 ina upitishaji mzuri na nitrojeni asilimia chache tu. Watafiti wengi huishia kati ya sentigredi 700 na 900.

4. Kutoboa vitundu

Vitundu hupatikana kwa njia mbili kuu.

Njia ya kwanza ni kuamilisha kwa kemikali au gesi. Nyuzi huchomwa pamoja na hidroksidi ya potasiamu, au hupitishiwa mvuke wa maji au gesi ya dioksidi kabonia. Vitu hivyo hula sehemu ya kaboni na kuacha mashimo. Hidroksidi ya potasiamu hutoa vitundu vidogo vingi sana, lakini pia hupunguza nitrojeni na kuufanya uzi kuwa dhaifu. Ikizidi, kitambaa huvunjika na kuwa unga.

Njia ya pili ni kutumia kiolezo. Kabla ya kusokota, kimiminika huchanganywa na kitu kitakachoondolewa baadaye. Kinaweza kuwa polima nyingine inayotoweka kabisa kwa joto, kama polimethilimethakrilati, au chembe za silika zinazoyeyushwa baadaye kwa besi kali au kwa asidi ya hidrofloriki. Kila chembe inapoondoka huacha tundu lenye ukubwa wake.

Malighafi nyingine

Kama polima ya mwanzo haina nitrojeni, kwa mfano selulosi au lignini, nitrojeni huongezwa kwa kuchoma nyuzi ndani ya gesi ya amonia, au pamoja na urea au melamini. Selulosi inayotengenezwa na bakteria tayari ina umbo la nyuzinano, kwa hiyo haihitaji kusokotwa. Polipiroli na polianilini zina nitrojeni na zinaweza kukuzwa zikiwa na umbo la nyuzi moja kwa moja katika kimiminika.

Uchunguzi

Nyuzi zikishatengenezwa hupimwa kwa vifaa mbalimbali. Hadubini ya elektroni huonyesha unene na vitundu vikubwa. Eneo la uso hupimwa kwa kupoza sampuli hadi sentigredi 196 chini ya sifuri na kupima kiasi cha gesi ya nitrojeni inayoshikwa na uso wake. Hesabu inayotumika huitwa BET, kwa herufi za kwanza za majina ya Stephen Brunauer, Paul Emmett na Edward Teller, walioitoa mwaka 1938.

Kiasi na aina ya nitrojeni hupimwa kwa spektroskopia ya fotoelektroni. Miali ya eksirei hupiga uso wa sampuli na kung'oa elektroni, na nishati ya elektroni hizo huonyesha zilitoka kwenye atomu gani na atomu hiyo imeungana vipi. Nitrojeni ya piridini huonekana karibu na elektronivolti 398, ya piroli karibu na 400, na ya grafiti karibu na 401. Kwa kuwa namba hizi ziko jirani sana, kugawanya vilele vyake kunahitaji uangalifu. Pia kipimo hiki huona nanomita chache za juu tu, si kiini cha uzi.

Matumizi

Superkapasita

Superkapasita ni kifaa kinachohifadhi umeme kwa kukusanya ioni kwenye uso wa elektrodi. Elektrodi inapochajiwa, ioni za chaji kinyume hujipanga mbele yake kwa umbali wa chini ya nanomita moja na kufanya tabaka mbili za umeme. Jambo hilo lilielezwa na Hermann von Helmholtz katika karne ya 19. Hataza ya kwanza ya kifaa cha aina hii ilitolewa mwaka 1957 kwa Howard Becker wa General Electric.

Kwa kuwa chaji hukaa juu ya uso, eneo la uso lina umuhimu mkubwa. Tuseme kila sentimita ya mraba ya kaboni inahifadhi maikrofaradi 10. Gramu yenye mita za mraba 1000 ina sentimita za mraba milioni 10, kwa hiyo inaweza kuhifadhi faradi 100.

Nitrojeni husaidia kwa namna tatu. Kwanza, hufanya uso wa kaboni upende maji, hivyo elektroliti ya maji huingia katika vitundu ambavyo vingebaki vikavu. Pili, hubadilisha wingi wa elektroni zilizo tayari kusogea ndani ya kaboni. Tatu, nitrojeni ya pembeni inaweza kupokea na kutoa protoni au elektroni kwa mmenyuko wa haraka, na hivyo kuongeza chaji juu ya ile ya tabaka mbili. Mchango huu wa tatu huonekana zaidi katika elektroliti za asidi au besi kuliko katika elektroliti za kikaboni.

Superkapasita huchajiwa kwa sekunde chache na inaweza kustahimili mamia ya maelfu ya mizunguko. Upungufu wake ni nishati: zinazouzwa kwa kawaida huhifadhi Wh 5 hadi 10 kwa kilo, wakati betri za lithiamu hufikia Wh 150 hadi 250 kwa kilo.

Betri za lithiamu

Katika betri ya lithiamu ya kawaida anodi ni grafiti. Ioni za lithiamu huingia kati ya karatasi zake mpaka kuwe na lithiamu moja kwa kila kaboni sita. Kikomo hicho ni mAh 372 kwa gramu. Grafiti huchimbwa katika nchi mbalimbali, na Afrika ya Mashariki ina akiba kubwa yake, ikiwemo ya Mahenge na Ruangwa nchini Tanzania, na Balama nchini Msumbiji.

Nyuzinano zenye nitrojeni zinaweza kuvuka kikomo cha grafiti kwa sababu lithiamu haikai kati ya karatasi tu, bali pia kwenye kasoro, kando ya vitundu na karibu na nitrojeni ya piridini. Uzi ukiwa mwembamba, ioni zina safari fupi ya kuingia na kutoka, na hivyo betri inaweza kuchajiwa haraka. Vilevile kitambaa kinaweza kutumika kama elektrodi bila gundi na bila karatasi ya shaba, jambo linalopunguza uzani usiohifadhi umeme.

Betri za sodiamu na potasiamu

Sodiamu ni nyingi na rahisi kupatikana kuliko lithiamu, lakini haiingii vizuri katika grafiti ya kawaida. Kwa hiyo betri za sodiamu huhitaji kaboni isiyo na mpangilio, na nyuzinano ni moja ya aina hizo. Potasiamu huingia katika grafiti hadi mAh 279 kwa gramu, lakini ioni yake ni kubwa na huitanua grafiti mpaka ipasuke. Nafasi zilizo katika nyuzi zenye vitundu huvumilia utanukaji huo vizuri zaidi.

Betri za lithiamu na salfa

Salfa ina uwezo wa kinadharia wa mAh 1675 kwa gramu na bei yake ni ndogo. Shida ni mbili: haipitishi umeme, na wakati wa kutumika hutoa polisulfidi zinazoyeyuka katika elektroliti na kuhamia upande wa pili wa betri. Salfa ikijazwa katika vitundu vya nyuzinano, kaboni huipa umeme. Nitrojeni, ikiwa na jozi yake ya elektroni, hushika lithiamu iliyo katika polisulfidi na kupunguza uhamaji huo. Kaboni tupu huzishika polisulfidi kwa udhaifu zaidi.

Matumizi mengine

Nyuzi hizi huchunguzwa pia kama kichocheo cha mmenyuko wa oksijeni katika seli za fueli na betri za zinki na hewa, badala ya platini ambayo ni ghali. Pia hutumika katika kuondoa chumvi kwenye maji kwa umeme.

Mipaka na changamoto

Uwezo kwa gramu na uwezo kwa ujazo. Matokeo mengi hutolewa kwa kila gramu ya kaboni, lakini kitambaa chenye vitundu ni chepesi na huchukua nafasi kubwa. Kwa mfano wa hesabu, elektrodi yenye faradi 200 kwa gramu na uzani wa gramu 0.3 kwa sentimita ya ujazo ina faradi 60 katika sentimita hiyo. Elektrodi nyingine yenye faradi 130 tu kwa gramu, lakini gramu 0.6 kwa sentimita ya ujazo, ina faradi 78. Katika simu au gari, ambamo nafasi ni finyu, ya pili ndiyo bora. Aidha vitundu vyote hujaa elektroliti, ambayo ina uzani na bei yake. Mwaka 2011 Yury Gogotsi na Patrice Simon waliandika katika jarida la Science kuwahimiza watafiti watoe vipimo vinavyohusu kifaa kizima.

Elektrodi moja na kifaa kizima. Superkapasita ina elektrodi mbili zilizofuatana. Zikilingana, uwezo wa jumla ni nusu ya elektrodi moja, na uzani ni mara mbili, kwa hiyo uwezo kwa gramu unabaki robo. Faradi 200 kwa gramu zinakuwa 50. Kwa volti 1, kiasi hicho ni karibu Wh 7 kwa kila kilo ya elektrodi, kabla ya kuhesabu elektroliti na ganda. Nishati huongezeka kwa mraba wa volti, na elektroliti ya maji kinadharia huanza kuvunjika kwenye volti 1.23. Ndiyo maana uchaguzi wa elektroliti unaweza kuwa na uzito kuliko mabadiliko ya kaboni yenyewe.

Hasara ya mzunguko wa kwanza. Katika betri ya lithiamu, anodi inapochajiwa mara ya kwanza hufunikwa na utando unaotokana na elektroliti iliyovunjika. Utando huo hula lithiamu isiyorudi tena. Uso ukiwa mkubwa, utando ni mwingi na hasara ni kubwa. Grafiti hupoteza sehemu ndogo tu, lakini kaboni zenye vitundu vingi zinaweza kupoteza theluthi au hata nusu ya chaji ya kwanza. Katika betri halisi lithiamu hutoka kwenye kathodi na haina akiba, kwa hiyo hasara hiyo haiwezi kufidiwa kirahisi. Vipimo vya maabara mara nyingi hufanywa dhidi ya kipande cha lithiamu chenye akiba kubwa, na hasara haijitokezi.

Volti isiyo tulivu. Grafiti hutoa chaji yake karibu yote kwenye volti ya chini inayobadilika kidogo. Nyuzi zenye nitrojeni huitoa kwa mteremko mrefu, na hivyo volti ya betri nzima hushuka. Uwezo ukiwa mkubwa kwa mAh si lazima nishati iwe kubwa.

Mchango wa nitrojeni yenyewe. Ni vigumu kuongeza nitrojeni bila kubadilisha pia vitundu, kasoro, oksijeni na upitishaji umeme. Hivyo sampuli mbili zenye nitrojeni tofauti huwa zinatofautiana kwa mambo mengi mara moja, na kusema kwamba ongezeko lote limetokana na nitrojeni kunahitaji ushahidi wa ziada.

Kasi na gharama. Sindano moja hutoa sehemu ya gramu hadi gramu chache tu za nyuzi kwa saa. Viwanda hutumia sindano nyingi, au rola zinazozunguka ndani ya kimiminika bila sindano. Uzalishaji huongezeka, lakini kuimarisha, kuchoma, kuosha hidroksidi na kukausha vyote hutumia nishati na maji.

Usalama

Dimethilifomamidi hudhuru ini na inaweza kudhuru mimba, kwa hiyo kusokota hufanywa ndani ya kabati lenye feni ya kutoa hewa. Poliakrilonitrili inapochomwa hutoa amonia na sianidi ya hidrojeni, gesi yenye sumu kali, na moshi wa tanuri hulazimika kusafishwa kabla ya kutoka nje. Kuamilisha kwa hidroksidi ya potasiamu kunaweza kuacha potasiamu ya metali ndani ya tanuri, ambayo huwaka ikigusa maji, hivyo sampuli hupozwa kabisa kabla ya kuoshwa. Asidi ya hidrofloriki hupenya ngozi na kuharibu tishu na mifupa, na maabara nyingi hupendelea kuyeyusha silika kwa besi. Vipande vya nyuzi zilizovunjika vinaweza kuvutwa kwa pumzi, kwa hiyo wanaozishughulikia huvaa barakoa zinazozuia vumbi laini.